Panya wa Mti wa Avoka

Siku ya tatu ya msiba wa mke wangu Mwamini, watu wamekaa kwenye mikeka uani kwangu hapa Kamembe, wanakunywa chai na kusema yale ambayo watu husema, akaingia mwanamke mwenye mvi, amevaa kitenge kizuri cha Bukavu, akapita katikati yao akaenda kukaa karibu na mlango wa jikoni. Pale si mahali pa mgeni. Pale hukaa mtu anayejua sufuria ziko wapi. Shemeji yangu akamwuliza kwa heshima yeye ni nani kwa marehemu. Akajibu, "Mama huyu njo aliona mukono yangu." Watu wakatazamana, mmoja akadhani ni habari za uganga. Mimi nilielewa, nikacheka palepale msibani, na najua waliosema uzee umeanza kunichukua. Acha waseme. Yule alikuwa Nsimire, na tangu siku ile ule mwaka wetu hautoki kichwani, kwa hiyo nauandika, hata kama shule yangu iliishia darasa la tatu na herufi zangu zinakwenda kama mbuzi sokoni. Habari za baba na mama yangu siweki. Kila mtu alizaliwa na mtu.

Namba ya mwaka sina. Najua ndevu zangu zilikuwa nyeusi zote, mtoto wetu wa pili alikuwa anaota meno, na kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia Kamembe, kwanza moja, halafu tatu, halafu kila mwenye chumba karibu na soko akataka yake. Mimi nilikuwa fundi wa mipini. Mipini ya majembe, ya shoka, ya nyundo za wale wanaovunja mawe kule Muganza, na makasia ya wavuvi wa Nkanka. Wengine wanachonga mpini mmoja na kuuzia watu wote. Mimi sikuweza. Nilikuwa nasugua makala, yaani mkaa uliozimika, kwenye mti, namwambia mteja, shika kama unalima, lima hewani mara kumi. Akifungua mkono naangalia kiganja. Pale palipokuwa peusi sana ndipo mti unapomsukuma, basi napunguza pale, tunarudia, mpaka weusi umeenea kiganja kizima sawasawa, mwepesi kama kivuli. Hapo mpini umekuwa wake. Akimwazima jirani, jirani atalalamika. Nilijivunia hilo, na bado najivunia, sitadanganya.

Karakana yangu na sekretaria ya jirani, ofisi ya kuandikia watu barua, zilitenganishwa na ukuta wa mbao tu, mbao zenyewe nilizipigilia mimi, na nafasi kati ya ubao na ubao niliziacha kwa uvivu. Upande wa pili kulikuwa na chumba chenye meza moja, mashine ya fotokopi inayotoa harufu ya kitu kilichoungua, pazia la maua, na kompyuta. Mwenye chumba alikuwa Patron Evariste, mtu wa koti hata wakati wa jua. Anayefanya kazi alikuwa Nsimire, binti wa Kishi, aliyevuka daraja kila asubuhi kutoka Bukavu, upande wa Kongo, kuja huku Rwanda, na kurudi jioni kabla mpaka haujafungwa. Alikuwa na wadogo zake wawili wa shule, yeye ndiye baba na ndiye mama. Barua aliandika kwa vidole kumi bila kutazama, lakini kilicholeta wateja kilikuwa mialiko ya harusi. Maua, pete, njiwa wawili, mstari wa dhahabu pembeni, vyote alivipanga kwa kile kidude cha mkono ambacho wao waliita suri, kwa Kifaransa, na sisi wengine panya, kwa sababu kina mkia. Nilikuwa nasikia tik-tik yake kutwa. Nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba panya anamsumbua yule dada, nilishauri paka. Walinicheka wiki nzima, na Patron alinisimulia mpaka kwa watu wa forodha.

Sasa, kwetu mtu mwenye mkono mchafu au wenye maji hakupi kiganja. Anakunja mkono, anakupa kifundo, nawe unashika hapo, salamu imekwisha na hakuna aliyedharauliwa. Nsimire alianza kunipa kifundo asubuhi. Siku ya kwanza nikafikiri ametoka kunawa. Siku ya tatu nikamtania, nikamwuliza kama siku hizi Patron anamenyesha mihogo ofisini. Alicheka, akaingia ndani. Mimi ni mtu wa mikono, kazi yangu yote ni kuangalia mikono ya watu, na sikuona kitu. Hilo linaniuma hadi leo zaidi ya mambo makubwa niliyokosea, na yapo.

Aliyeona ni Mwamini. Siku moja ya mvua, mvua ile ya huku kwetu Cyangugu inayokuja kutoka ziwani kama imetumwa, alimkaribisha Nsimire ale kwetu mchana. Kulikuwa na bugali na sambaza, dagaa wetu wa ziwani, waliokaangwa na pilipili, na sombe kidogo ya majani ya muhogo. Tukanawa. Nsimire akala kwa mkono wa kushoto. Kwa nyumba ya Waislamu hiyo ni aibu, na yeye alijua, amekua na majirani Waislamu, kwa hiyo alikuwa anakula ameinamisha kichwa. Mimi nikakasirika moyoni, nikafikiri, huyu anatudharau. Mwamini akainuka, akakaa kulia kwake, akauchukua ule mkono wa kulia uliokuwa umelala magotini kama mtoto mgonjwa, akaugeuza. Kisha akasema taratibu, "Hii imekufa tangu lini?" Nsimire akalia. Akatueleza kwamba vidole vinawaka moto kuanzia saa nne za asubuhi, kwamba kikombe kinamponyoka, kwamba muuguzi alimfunga bandeji na kumwambia apumzike miezi mitatu. Aliposema miezi mitatu alicheka katikati ya machozi, maana nani angempa miezi mitatu. Mwamini akawa anamlisha sambaza kwa mkono wake mwenyewe, mmoja mmoja, na mimi nikawa naangalia sahani yangu.

Siku chache baadaye nikasikia kupitia zile nafasi za ukuta. Patron alikuwa anaongea na mtu, anasema kazi ya beji za wafanyakazi wa machimbo ya Muganza inakuja baada ya wiki mbili, picha mamia kwa mamia, kila picha inabidi ufute ukuta ulio nyuma ya kichwa cha mtu, polepole, kwa suri, na huyu wangu amekuwa mzito. Akasema amepata mwanamke mwingine, Espérance, mwenye diploma, ataanza naye wakati wa beji, na atakayekwenda vizuri ndiye atabaki na kiti. Hakusema kwa ubaya. Watu wanaokuondoa kazini mara nyingi hawasemi kwa ubaya. Nikatoka, nikamkuta Nsimire kizingitini, amesikia yote. Nikamwambia nipe wiki mbili. Akaniuliza wiki mbili za nini. Nikasema mimi natengeneza mipini, na hicho kitu unachoshika nacho ni mpini, tena kibaya, kimechongwa na mtu ambaye hajawahi kukuona.

Mfikirie mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta anasema maneno hayo. Lakini nilikuwa mjinga mwenye uhakika, na ule ni ujinga unaofanya kazi haraka. Patron alikuwa na suri mbovu kwenye sanduku, alinipa ili nimwondokee. Nikaifungua kwa bisibisi. Ndani niliona mpira mdogo mzito, wenye ngozi kama ya gurudumu, na vijiti viwili vinavyozungushwa na mpira huo, na vidude viwili vya kubonyeza. Nilicheka peke yangu. Nilidhani kuna kitu cha ajabu mle, kumbe ni kama toroli. Fundi redio wa kona ya pili akaunganisha nyaya zilizokatika. Mimi nikachonga mwili mpya kwa mti wa avoka, parachichi, ambao ni mwepesi na hauna vibanzi. Niliufanya mnene kama mkate, ujaze kiganja. Nikasugua makala, Nsimire akashika, nikapunguza, akashika tena, mpaka weusi ukaenea sawa. Halafu, kama ninavyomaliza kila mpini, nikaupaka mawese. Mpini bila mawese unapasuka, hilo kila fundi wa huku analijua, na mimi nilitumia yale mazito yanayovukia Ruhwa kutoka Burundi, mekundu kabisa. Nikaupaka mara tatu kwa mapenzi.

Wenye akili wameshaona kilichotokea. Siku mbili Nsimire alisema afadhali. Siku ya tatu likatoka rundo la mialiko ya harusi ya mtoto wa mkubwa mmoja, karatasi nyeupe nene kutoka Kigali, na kwenye kila moja aliyoikunja kwa mkono wake, kidole gumba chekundu, sawasawa juu ya jina la bwana harusi. Mawese hayafutiki. Patron aliingia karakana kwangu ameshika mwaliko mmoja kwa ncha za vidole kama anashika mkia wa panya wa kweli. Akaniuliza kama mimi nilitaka bwana harusi aende kanisani na harufu ya maharage. Watu walikuwa wanapita barabarani, wakasimama kusikiliza. Ile kazi ilirudiwa yote, na Nsimire akairudia kwa suri ya zamani, kwa mkono ule ule. Na la kuumiza zaidi, jioni alikuja kuniambia kwa upole kwamba hata kabla ya mawese, mkono ulikuwa umeanza tena. Ule mkate wangu ulikuwa mtamu kiganjani lakini moto haukuwa kiganjani. Nikamwuliza moto uko wapi. Akaonyesha huku juu, kwenye kifundo na kupanda. Nilikuwa nimepima sehemu isiyo na ugonjwa. Wiki moja ilikuwa imekwisha.

Kwa siku tatu sikuchonga kitu cha maana. Siku ya nne akaja Mzee Karekezi wa Nkanka kuchukua kasia lake. Huyu mzee akikusalimia hakuachii. Anachukua mkono wako, anauweka ndani ya wake, na mazungumzo yote yanafanyikia hapo, ng'ombe, ziwa, shemeji yake aliyehamisha mpaka wa shamba kwa kupanda migomba usiku mmoja mmoja. Siku hiyo shemeji alikuwa amefika mgomba wa tisa. Nilikuwa nimesimama naye nusu ya asubuhi, nasema ee, ee, akili yangu iko kwa Nsimire, ndipo nikatazama chini nikaona mikono yetu. Wangu ulikuwa umesimama, gumba juu, kidole kidogo chini. Umekaa hivyo muda ambao ningekuwa nimechonga mpini mzima, na haujachoka. Hata sikuwa nimekumbuka kwamba ninao. Nikajaribu kuulaza, kiganja kitazame chini, ndani ya mkono wa mzee. Nikausikia mfupa wa huku juu unajikunja juu ya mwenzake, kama kamba inayosokotwa. Nikausimamisha, kamba ikafunguka. Nikaulaza, ikasokotwa. Mzee Karekezi akaniambia, "Mwanangu, unasalimia ama unakamua?"

Nilimwacha na kasia lake nikaingia sekretaria. Kulikuwa na wateja wanne. Nikamwambia Nsimire, nisalimie. Akanipa kifundo. Nikasema hapana, mkono, kama kwa mtu uliyemkosa mwaka mzima. Akaona haya, akanipa, nami nikaushika kama mzee anavyoshika, bila kubana, nikamwuliza habari za wadogo zake, habari za daraja, habari za mvua. Nikaendelea tu. Wateja wakaanza kukohoa. Baada ya muda nikamwuliza, inauma? Akafikiri. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuvunja kitu, "Apana. Imenyamaza." Nikaugeuza polepole, kiganja kiende chini, namwambia sema pale moto unapoingia. Ulipokuwa karibu kulala kabisa, akauvuta. "Hapo." Hapo ndipo suri ilikuwa inamweka, kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Kamembe ni ndogo. Mwamini alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Nasikia umeshika mukono ya mwanamuke mbele ya bantu, mpaka bamechoka kuangalia." Nikasema ndiyo. "Na umepata nini?" Nikasema nimepata kwamba mkono unapenda kusimama. Akachambua mchele kidogo tena. Kisha akasema, basi usimamishe, lakini usiupake mafuta yangu ya kupikia. Nimeishi naye miaka mingi baada ya hapo, na kama mtu ataniuliza mke wangu alikuwa mtu wa namna gani, nitamsimulia mchele ule, sina kingine cha kuzidi.

Panya wa pili nilimchonga kwa siku nne. Hakufanana na kitu chochote kilichokuwa dukani. Alisimama kwa ubavu, kama samaki mfupi aliyewekwa juu ya tumbo lake, mgongo umepanda juu ambapo gumba linapumzika, na vile vidude vya kubonyeza nikavihamishia ubavuni, pale vidole viwili vinapofika vyenyewe. Kila ukibonyeza alitaka kuteleza au kuanguka upande wa pili. Nilipigana na hilo siku nzima. Mwishowe nikapanda kwenda Nkanka nikamwomba Mzee Karekezi zile risasi nzito za kuzamisha nyavu, nikazitia chini tumboni, kuzunguka mpira, na panya akatulia kama jiwe la kusagia, huku bado anateleza vizuri akisukumwa. Mzee alinipa risasi bila kuuliza, lakini ilibidi nimsikilize mpaka mgomba wa kumi na moja. Makala, kushika, kupunguza. Safari hii sikuangalia kiganja tu. Nilimwambia afumbe macho, aniambie habari za huku juu. Kisha nikamsugua panya kwa nta ya nyuki, kavu, nikampitisha juu ya karatasi nyeupe mara ishirini mbele ya Patron. Karatasi ikabaki nyeupe. Patron akasema kitu hiki ni kibaya sana kwa macho. Nikakubali. Hajawahi kuwa mzuri.

Jumatatu Espérance akaja. Mwanamke mzima, mpole, kiatu kimepigwa dawa, mumewe alikuwa amebaki bila kazi, hilo nililijua baadaye. Patron alikuwa ameazima kompyuta ya pili, akagawa picha za wale wavunja mawe mafungu mawili. Mimi nilikaa upande wangu na patasi mkononi sifanyi kitu. Nilikuwa nasikia tik-tik mbili sasa. Ya Espérance ilikuwa ya haraka. Ya Nsimire ilikuwa ya polepole, na saa nne ilipofika, saa ya moto, nikasimama nikaweka sikio kwenye ubao, sioni aibu kusema. Tik-tik haikukatika. Saa sita haikukatika. Nsimire alikula kwetu mchana, bugali na maharage, na alinyoosha mkono wa kulia kwenye sahani, akamega, akachovya, na Mwamini akawa anazungumza habari za bei ya sabuni kama vile hakuona. Ijumaa, Espérance alikuwa amemaliza fungu lake nusu saa mbele. Lakini Nsimire hakuwa amekata sikio la mtu hata mmoja, na fungu la mwenzake lilikuwa na wanaume saba wasio na masikio, nao walikuwa wamekuja wenyewe dirishani kuuliza. Mmoja alisema mke wake hatamruhusu kuingia na beji ile. Patron aliangalia mafungu yote mawili muda mrefu. Akasema Nsimire abaki. Nilisikia kiti kinasogezwa, halafu nikasikia kimya cha Espérance, na kimya kile sikukipenda. Sisi tulikuwa tumeomba Mungu wiki nzima, na yeye pia bila shaka aliomba.

Kumbe Nsimire naye alikisikia. Aliongea na Patron, mimi nilishika maneno machache tu. Kwamba bado kuna picha za zamu ya pili. Kwamba mmoja ana haraka na mwingine ana macho. Kwamba mtu akikimbizwa kwa masikio saba, kesho atakimbizwa mwingine kwa mkono. Patron alisema atafikiri, na mtu wa koti akisema atafikiri katika wiki ambayo beji mamia bado zinangoja, ujue ameshafikiri.

Jumatatu iliyofuata, kabla hawajafungua pazia, Nsimire aliingia karakana kwangu anamvuta Espérance kwa mkono wa blauzi. Akasukuma mipini yangu pembeni, akamkalisha kwenye gogo, akaniambia nimchongee wake. Espérance alikuwa anatazama makala, anatazama kiganja chake safi, haelewi.

"Lakini, Papa Radjabu," akaniambia, "miye mukono yangu haiumi."

"Njo maana," Nsimire akasema. "Mupime sasa."

Nikachukua kipande cha avoka, nikasugua makala, nikamwambia ashike.